Muasi si kila aliyeshika bunduki

Kila ikifika Januari, barazani na kwenye simu zetu hapa Unguja, John Okello, mmoja wa viongozi wa Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964, huitwa "afisa wa jeshi aliyeasi". Hapana, jamani. Muasi ni mtu aliyekuwa chini ya amri ya mwingine, kisha akaikataa.

Asili ya neno ni Kiarabu, kukaidi amri, na ndugu yake tunamsikia msikitini kila Ijumaa: maasi. Mtoto huwaasi wazazi, mja humuasi Mola wake. Huwezi kumuasi usiyewahi kupaswa kumtii. Ndiyo maana uasi wa kijeshi huanza na swali la kiapo: huyu aliapa kulitumikia jeshi gani? Kwa Bosco Ntaganda jibu lipo. Alikuwa jenerali wa jeshi la Kongo, mwaka 2012 akatoroka na askari wake, wakaanzisha kundi la waasi la M23 kwa madai kwamba makubaliano ya amani ya 23 Machi 2009 yamevunjwa. Huyo ni afisa aliyeasi, bila ubishi.

Okello je? Alizaliwa Uganda, akafika Pemba mwaka 1959, akaishi kwa kazi za mikono. Cheo cha Field Marshal alijipa mwenyewe. Na usiku wa kuamkia 12 Januari 1964, bohari za silaha zilizovamiwa Ziwani na Mtoni zilikuwa za polisi, kwa sababu Zanzibar, mwezi mmoja tu baada ya uhuru wa 10 Disemba, haikuwa na jeshi lake. Walikuwemo waliopata kuwa askari polisi, kweli, lakini hao serikali ilikwishawaachisha kazi. Utamwitaje muasi mtu uliyemvua sare wewe mwenyewe?

Nadhani watu huchanganya matukio mawili ya mwezi ule. Tarehe 20 Januari askari wa Tanganyika Rifles, jeshi la Tanganyika, kambi ya Colito, Dar es Salaam, waliwageuka maofisa wao wa Kiingereza, wakidai nyongeza ya mishahara na Waafrika wapewe vyeo. Huo ndio uasi wa jeshi, na wanajeshi wa Uingereza waliuzima tarehe 25.

Kwa hiyo ndugu zangu, Okello tumwite mmoja wa viongozi wa mapinduzi, au mvamizi kwa anayeyaona hivyo. Afisa aliyeasi hakuwa.