Hata Hazina wakikaa malaika

Jumamosi, kwenye kikao cha mchango wa harusi huko Kasarani, binamu yangu alirudia yale yale: mafuta ya Turkana hayatatudhuru mradi yasiibwe. Nimeyasikia maneno haya tangu kisima cha Ngamia-1 kilipotoa mafuta mwaka 2012, na si kweli.

Wizi ni balaa moja. Ugonjwa wa Kiholanzi, yaani pesa za maliasili zinapoipa sarafu nguvu hadi wazalishaji wengine wanaouza nje wabanwe, ni balaa jingine, nao hauhitaji mwizi. Uholanzi iligundua gesi Groningen mwaka 1959. Serikali yake haikuwa ya waporaji, lakini viwanda vyake vilibanwa hadi jarida la The Economist likaupa ugonjwa huo jina mwaka 1977.

Tumchukue mkulima wa maua wa Naivasha. Tuseme anauza mzigo kwa euro 1,000. Euro ikiwa shilingi 150, anapokea 150,000, na vibarua, stima na usafiri vinamla 110,000. Sasa dola za mafuta zinaingia. Serikali, safi kabisa, inazigeuza shilingi ijenge barabara na shule. Shilingi inapata nguvu, euro inashuka hadi 125. Mzigo ule ule unaleta 125,000. Huku nyuma wajenzi wanamnyang'anya madereva na mafundi, kodi za nyumba zimepanda, vibarua wanadai nyongeza, na gharama imefika 128,000. Hakuna aliyemwibia hata senti, na shamba linafungwa. Kinyozi wa Githurai anapandisha bei tu na maisha yanaendelea, maana huwezi kuagiza kunyolewa kutoka China. Mkulima wetu hana nafasi hiyo. Bei yake inapangwa kwenye mnada wa maua wa Aalsmeer, Uholanzi.

Mapema 2024 tulilionja hili bila tone la mafuta. Dola ilishuka kutoka karibu shilingi 160 hadi karibu 130 kwa miezi michache. Mtaani watu walishangilia. Mezani kwangu kulikuwa na hesabu za muuza parachichi aliyekubaliana bei na wakulima dola ikiwa juu, akalipwa ikiwa chini. Faida yote ya msimu ilikuwa imeliwa.

Norway nayo hutajwa kama mfano wa uaminifu tu. Mfuko wake, ulioanzishwa kwa sheria mwaka 1990, huwekeza nje ya nchi. Hilo ndilo la maana: dola zisizobadilishwa nyumbani haziwezi kuipandisha krona, sarafu ya Norway.

Kuna jambo linalonisumbua. Wanauchumi Corden na Neary, kwenye modeli yao ya ugonjwa huu ya 1982, walichukulia kwamba kila anayetaka kazi anayo. Hapa Nairobi vijana wamejaa bila kazi, kwa hiyo huenda mishahara isipande kama nilivyoipandisha hapo juu, na mbolea ya mkulima itashuka bei shilingi ikipata nguvu. Hesabu yangu ya 128,000 inaweza kuwa kali mno. Ile ya 125,000 siirudishi nyuma.

Kwa hiyo binamu, kabla ya kuuliza nani atakula, niambie: kila mwaka dola ngapi zitabadilishwa hapa, na ngapi zitabaki nje?