Muundo wa umri: kwa nini Mandera, Nairobi na Nyeri hazifanani

Muundo wa umri ni mgawanyo wa wakazi wa eneo kufuatana na miaka yao: watoto ni wangapi, wenye umri wa kufanya kazi ni wangapi, wazee ni wangapi. Kwa kawaida huchorwa kama piramidi. Wanaume huwekwa kushoto, wanawake kulia, kila ngazi hubeba miaka mitano, na watoto wachanga hukaa chini kabisa.

Sensa ya Kenya ya 2019 ilihesabu watu 47,564,296. Katika kila 100, takriban 39 walikuwa chini ya miaka 15, 57 walikuwa kati ya 15 na 64, na 4 walikuwa na 65 au zaidi. Tarakimu hizi hutupa kipimo kiitwacho uwiano wa utegemezi. Jumlisha watoto na wazee, gawanya kwa wenye umri wa kazi, kisha zidisha kwa 100. Yaani 43 kwa 57, jibu likiwa 75 hivi: kila watu 100 wa umri wa kazi wana wategemezi 75. Kipimo hiki kinahesabu umri tu, hakiulizi nani anafanya kazi. Mwanafunzi wa kidato cha tatu mwenye miaka 17 anawekwa upande wa wanaolisha, na mkulima wa miaka 68 ambaye bado anashika jembe kila asubuhi anawekwa upande wa wanaolishwa.

Tena, hiyo 75 ni ya nchi nzima, na hakuna kaunti inayoishi ndani ya wastani.

Kinachotenganisha kaunti zaidi ya yote ni uzazi. Utafiti wa afya na idadi ya watu wa 2022 ulionyesha kuwa mwanamke wa Kenya angezaa kwa wastani watoto 3.4 maishani mwake. Nairobi ilikuwa chini kuliko kaunti zote kwa 2.5, Mandera juu kuliko zote kwa 7.7. Uzazi ukiwa mkubwa kila mwaka, kizazi kinachozaliwa huwa kikubwa kuliko kilichotangulia, na kitako cha piramidi hutanuka. Watu wengi hudhani jamii huwa ya wazee kwa sababu watu wake wanaishi sana. Hilo lina sehemu yake, lakini ni dogo: jamii huzeeka hasa pale watoto wanapopungua, maana fungu la wazee hukua hata kama wazee wenyewe hawajaongezeka.

Jambo la pili ni uhamaji, na hapa ndipo wengi hupotea. Tazama ukubwa wa kaya. Nairobi wastani ulikuwa karibu watu 3 kwa kaya, Nyeri vilevile karibu 3, Mandera karibu 7. Ukisoma hapo tu utasema Nairobi na Nyeri ni ndugu. Kumbe kaya ndogo ya Nairobi mara nyingi ni vijana wawili waliopanga chumba, na ile ya Nyeri huenda ni mzee na mkewe ambao watoto wao wamekwenda huko huko Nairobi. Kwa hiyo piramidi ya Nairobi ina tumbo kati ya miaka 20 na 34, na juu inachongoka ghafla, kwa kuwa wengi wanapozeeka hurudi nyumbani. Sehemu za Magharibi na Nyanza zina umbo jingine, la kiuno chembamba: vijana wako mjini, na nyumbani bibi analea wajukuu. Sensa humhesabu mtu alipolala usiku ule (mwaka 2019 ulikuwa wa tarehe 24 kuamkia 25 Agosti), kwa hiyo mtoto wa mama anayefanya kazi jijini huonekana kama mtoto wa kijijini.

Uwiano mmoja unaweza pia kuficha mahitaji mawili tofauti. Tuseme kata mbili zina watu 1,000 kila moja. Ya kwanza ina watoto 480 na wazee 20, ya pili watoto 400 na wazee 100. Zote mbili zina uwiano wa 100. Ila ya kwanza inadai madarasa, wakunga na chanjo, na ya pili inahitaji zaidi dawa za presha na kisukari, pamoja na malipo ya Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwapa fedha waliofikisha miaka 70. Ndiyo maana uwiano wa watoto na ule wa wazee huhesabiwa kila mmoja peke yake kabla ya kuujumlisha.

Kisha kuna swali la kama umri wenyewe umeandikwa sawasawa. Pasipo vyeti vya kuzaliwa, watu hukadiria, na makadirio hupenda kuishia kwa sifuri au tano: 30, 35, 40. Karani wa sensa husaidiwa na kalenda ya matukio: ulikuwa umezaliwa Uhuru ulipopatikana 1963? Ulikuwa na umri gani Mzee Kenyatta alipofariki 1978?

Mrundikano huo hupimwa kwa fahirisi ya Whipple. Chukua watu wote wa miaka 23 hadi 62. Hesabu wale ambao umri wao unaishia kwa 0 au 5, zidisha kwa 5, gawanya kwa jumla ya kundi lote, kisha zidisha kwa 100. Ikitoka 100, hakuna mrundikano. Ikitoka 500, hakuna aliyetaja umri mwingine. Ikipita 175, takwimu ni mbovu sana, na mistari ya mwaka mmoja mmoja haifai kusomwa. Tumia makundi ya miaka mitano, nayo uyasome kwa hadhari, hasa kwa wazee, ambao baadhi yao hujiongezea miaka kwa ajili ya heshima, na kwa wachanga, ambao familia husahau kuwataja.