Marehemu Ameacha Watoto Watano

Ninafundisha fasihi simulizi, na kwa miaka kadhaa sasa sehemu kubwa ya data zangu inatoka kwenye simu yangu mwenyewe, hasa usiku wa siku ambayo Simba na Yanga zimekutana. Wengi huyaona maneno yanayorushwa usiku huo kuwa ni upuuzi wa vijana wenye bando. Mimi nayaona kuwa ni utani kwa maana ileile waliyoijua babu zetu, na kwa hiyo magazeti hayakukosea kuziita timu hizo watani wa jadi.

Utani wa asili ni mkataba. Wangoni na Wahehe, waliopigana vita vikali katika karne ya 19, wana haki ya kutukanana bila kukasirikiana, na haki hiyo huja na wajibu wake: msibani mtani ndiye huwachekesha waliofiwa, tena huweza kujilaza ndani ya kaburi na kugoma kutoka mpaka apewe chochote, wala hapana anayeruhusiwa kumkunjia uso. Ndani ya ukoo nako kuna mipaka. Babu humwita mjukuu wake wa kike "mke wangu" na mashemeji huchokozana wapendavyo, lakini baba mkwe hataniwi.

Mpira umeuchukua mkataba huo mzimamzima. Yanga, iliyoanzishwa mwaka 1935, huitwa vyura kwa kuwa makao yake yako Jangwani, bondeni, ambako mvua zikizidi maji hujaa. Simba, iliyofuata mwaka 1936 na kupata jina hilo mwaka 1971 baada ya kuitwa Sunderland, huitwa Mikia, na siku hizi makolo. Mabao hutunzwa kama deni la ukoo: tano za Yanga mwaka 1968 na sita za Simba mwaka 1977 hudaiwa hadi leo na watu ambao wakati huo hawakuwa wamezaliwa. Aliyefungwa naye ana mlango wake wa kutokea, nao ni kero za kila siku, kwamba umeme ulikatika, LUKU iliisha ghafla, au alikwama kwenye foleni Ubungo na simu ikazima chaji. Kila mtu anajua kuwa ni uongo, na hakuna anayeomba ushahidi.

Kinachotatiza ni hadhira. Zamani mtu alimtania shemeji yake baada ya kuangalia nani yuko barazani, ilhali kundi la ukoo kwenye simu huwakalisha shemeji na baba mkwe mkeka mmoja, na baba mkwe asipoandika chochote ni rahisi kusahau kwamba anasoma.

Ndivyo ilivyomtokea mdogo wangu, Yanga damu, tarehe 5 Novemba 2023, Yanga ilipoifunga Simba 5-1. Aliingia kwenye kundi la ukweni akimlenga shemeji yake, akabandika picha ya kiganja chenye vidole vitano na kuandika: "Shem, huko umeme umerudi?" Ujumbe ukasomwa na wote. Shemeji akawa kimya, na ndipo mdogo wangu alipokumbuka kwamba baba mkwe wake ni Simba tangu enzi za Sunderland. Alitaka kuufuta, nikamshauri auache, kwa kuwa alama ya ujumbe uliofutwa huzua maswali mabaya kuliko ujumbe wenyewe.

Siku ya pili jioni mzee aliandika, kwa mara ya kwanza tangu aingizwe humo: "Mazishi ni kesho saa 10 alasiri. Marehemu ameacha watoto watano. Wakwe waje na mchango."

Niliusoma ujumbe huo mara nyingi. Mzee alikuwa ameuhamishia utani msibani, mahali pake pa asili, lakini aliandika "wakwe", hakuandika "watani". Mdogo wangu hakujibu neno. Alimtumia shilingi 5,000 kwa simu, na mzee akazipokea.