Kwani alikukosea nini?

Muhula uliopita nilikuwa nakula chapati madondo na mwanafunzi wangu wa mwaka wa tatu kwenye kibanda kimoja nyuma ya chuo. Tulikuwa tunabishana kuhusu insha yake. Ubishi ulipopamba moto akasema, kwa sauti iliyofika meza ya tatu, "Lakini mwalimu, mimi mwenyewe ni mkana Mungu."

Mama mwenye kibanda alikuwa anageuza chapati. Hakuinua macho. "Kwani alikukosea nini, kijana wangu?"

Kijana akajitetea: hajakosewa na yeyote, anachosema ni kwamba hakuna wa kumkosea. Mama akammiminia mchuzi, akamwambia ale kwanza, chakula kinapoa. Mimi nilibaki na lile swali hadi jioni ndani ya matatu. Nimefundisha falsafa ya dini hapa jijini Nairobi kwa miaka kumi na miwili, na nimesoma mabishano mengi kuhusu nani aitwe ateisti, neno ambalo wengi hulitafsiri mkana Mungu, na nani asiitwe. Karibu yote yameandikwa kwa Kiingereza. Mama alikuwa amegusa mahali ambapo Kiingereza hakifiki.

Tazama kitenzi chenyewe. Baba humkana mtoto, na kijiji kizima kinajua mtoto ni wake, hata masikio wamefanana. Petro alimkana Yesu mara tatu, na uchungu wa kisa kile ni kwamba usiku huohuo walikuwa wamekula pamoja. Rafiki uliyesoma naye anapata cheo, mnakutana mjini, anakukana. Katika habari zote hizi anayekana anajua. Ukimwita mtu mkana Mungu, basi, kabla hajafungua mdomo umeshasema kwamba Mungu yupo na kwamba huyu anamjua ila amekataa kumtambua. Ukishasikia hivyo, linalobaki ni kuuliza ugomvi wao ulianzia wapi. Mama alisikia Kiswahili barabara.

Hata hivyo kuna kukana kwa aina nyingine. Nenda mahakama za Milimani asubuhi yoyote ya kazi. Karani anasoma mashtaka, mshtakiwa anayakana. Hapo hatusemi kwamba anajua alitenda. Sheria inamhesabu hana hatia, mzigo wa kuthibitisha ni wa upande wa mashtaka, na yeye akitaka anaweza kunyamaza mpaka kesi iishe.

Nalitaja hili kwa sababu ndiyo picha aliyoitumia mwanafalsafa Mwingereza Antony Flew mwaka 1972, katika insha iliyochochea sehemu kubwa ya ubishi wa leo. Alipendekeza kwamba kiambishi a- cha Kigiriki kilicho mwanzoni mwa neno ateisti kisomeke kama "bila" tu. Ateisti awe mtu aliye bila imani ya Mungu, basi, hata kama hajasema kwamba Mungu hayupo. Kama mshtakiwa, hana la kuthibitisha. Anayedai Mungu yupo ndiye alete ushahidi.

Ni hoja safi, na vijana wanaobishana mtandaoni wanaipenda kwa sababu inawapa nafasi ya kukaa na kusubiri. Tabu ni idadi ya wageni inaowaingiza ndani. Ikiwa kukosa imani kunatosha, mtoto aliyezaliwa jana Pumwani ni ateisti. Mwanafalsafa Baron d'Holbach aliandika hivyo kabisa huko Ufaransa mwaka 1772: watoto wote ni maateisti, kwa kuwa hawana wazo lolote la Mungu. Mwanafunzi akinitajia d'Holbach huwa namuuliza, na mbuzi je? Mbuzi anayengoja kisu Kiamaiko naye hana imani ya Mungu. Hapo darasa hucheka, halafu mtu wa nyuma husema tuongeze sharti: lazima awe kiumbe anayeweza kuwa na imani. Sawa. Na aliyewahi kuliwaza swali? Na aliyeliwaza akashindwa kuamua? Kila sharti unaloongeza linakurudisha taratibu kwenye maana ya zamani ambayo Flew alikuwa anaikimbia, yaani mtu aliyefikiri akaona kwamba Mungu hayupo.

Flew mwenyewe, kwa taarifa yako, mwaka 2004 alitangaza kwamba sasa anaamini kuna Mungu wa namna fulani, karibu na yule wa Aristotle, mwanafalsafa wa kale wa Kigiriki. Alifariki 2010.

Kiswahili chetu kina tofauti ambazo katika ubishi huu ni dhahabu, na inanishangaza hatuzitumii. Simwamini fundi wangu wa bomba. Fundi yupo, namba yake ninayo, shida ni kwamba alisema anakuja Jumanne. Siamini kuna majini: hapa sina majini niliowasema vibaya, nazungumzia kama wapo. Silabi moja ndani ya kitenzi imebeba tofauti yote. Sasa sikiliza watu wanavyosema "simwamini Mungu." Wanafunzi kadhaa wamewahi kufunga mlango wa ofisi yangu wakasema maneno hayo, na ukisikiliza mpaka mwisho unakuta mama alifariki baada ya kanisa zima kukesha likiomba, au pasta alikula ada. Huyo anamdai Mungu. Ameumizwa na mtu ambaye kwake bado yupo, na mama wa chapati angejua la kumwambia kuliko mimi. Kumhesabu ateisti ni kumsikia vibaya.

Halafu kuna "siamini kwamba Mungu yupo" na "naamini kwamba Mungu hayupo." Kimantiki ni mbali na mbali. Jirani yangu wa ghorofa ya nne ana dada? Siamini anaye, wala siamini hanaye, sijawahi kuliwaza. Lakini lugha ya barabarani hailiheshimu pengo hilo. Ukimuuliza makanga, "Hii inafika Rongai?" akakujibu "Sidhani," hukai chini kutafakari mipaka ya ujuzi wake. Unashuka. "Sidhani inafika" kwetu ni "nadhani haifiki." Kwa hiyo kijana anayemwambia shangazi yake "siamini kama Mungu yupo," akikusudia ile maana laini ya Flew, shangazi anasikia ile kali, na shangazi hajakosea Kiswahili.

Mwanafalsafa Bertrand Russell aliuona mtego huu akiwa kwao Uingereza. Mwaka 1947 alieleza kwamba akizungumza na wanafalsafa watupu angejiita agnostiki, kwa kuwa hana njia ya kuthibitisha kwa uhakika kwamba hakuna Mungu. Lakini akizungumza na mtu wa kawaida mtaani angesema ni ateisti, kwa kuwa vilevile hawezi kuthibitisha kwamba miungu ya akina Homer, mshairi wa kale wa Kigiriki, haipo, na hakuna anayemtaka ayumbe kuhusu hiyo. Mtu mmoja, imani ileile, majina mawili kutegemea nani anauliza. Hilo neno agnostiki lenyewe ni changa, mwanasayansi Mwingereza T. H. Huxley alilibuni mwaka 1869, akitaka pa kusimama ambapo hatasukumwa upande wowote.

Ukitaka kujua jina hili linavyoweza kupaa likatua kwa yeyote, rudi Smirna, mji wa dola ya Kirumi, karne ya 2. Polikarpo, askofu mzee sana, ameletwa mbele ya liwali wa Kirumi uwanjani. Wakristo wakati huo waliitwa maateisti: hawakuwa na sanamu, hawakutoa sadaka kwa miungu ya dola. Liwali anamwonea huruma kwa uzee wake, anamtaka aseme tu, "Waondolewe maateisti!" aende zake. Mzee anaugeukia umati wa wapagani waliojaa uwanjani, anawapungia mkono, anatazama juu, anasema: "Waondolewe maateisti!" Alichomwa moto. Pande zote mbili zilikubaliana kwamba maateisti ni watu wabaya; hazikukubaliana ni akina nani.

Sasa twende nyumbani. Ripoti ya sensa ya 2019 ina kundi moja lililoandikwa kwa pamoja, wasio na dini na maateisti, na humo walihesabiwa watu 755,750 kati ya Wakenya milioni 47.6. Mwaka 2009 wasio na dini walikuwa 922,128. Yaani katika miaka kumi ambayo ubishi wa maateisti ulisikika Nairobi kuliko wakati wowote, kundi lilipungua. Na kaunti iliyoongoza kwa idadi haikuwa jiji hili lenye vyuo na vilabu vya midahalo. Ilikuwa Kilifi.

Mimi siamini (kwa ile maana kali) kwamba Kilifi imejaa wasomaji wa Russell. Kilifi ni nchi ya Wamijikenda, wenye kaya zao, yaani misitu yao mitakatifu, wanaomtaja Mulungu na kuwakumbuka koma, roho za wahenga, na Wagiriama wao huchonga vigango, nguzo za ukumbusho, kwa ajili ya wazee waliofariki. Na kule pwani, neno dini kwa masikio ya wengi ni Uislamu au Ukristo, jambo lenye kitabu na jengo. Mambo ya wazee ni mila. Karani anauliza, "Dini?" Mzee anajibu kweli tupu: "Sina." Kidole kinagusa kishikwambi na mzee ameingia chumba kimoja na mwanafunzi wangu wa chapati. Kulikuwa na kundi la wafuasi wa dini za jadi, ndiyo, nalo lilishuka kutoka 635,352 hadi 318,727 kati ya sensa hizo mbili. Sidai wote walihamia chumba cha wasio na dini. Wengi nadhani walikwenda makanisani. Nasema tu kwamba chumba kile kina milango mingi, na ukiona mtu ananukuu namba yake kuwa ndiyo "idadi ya maateisti Kenya," mwachie nafasi apite.

Okot p'Bitek, mshairi na msomi wa Uganda aliyefundisha Chuo Kikuu cha Nairobi miaka ya sabini, ana kisa ambacho huwa nakisoma kwa sauti darasani. Mwaka 1911 mapadre Waitaliano waliwauliza wazee wa Kiacholi: ni nani aliyewaumba? Lugha yao haikuwa na kitenzi cha kuumba kwa maana ile ya mapadre, kwa hiyo swali likageuka kuwa, nani aliyewafinyanga? Wazee wakashangaa, watu huzaliwa na mama zao. Mapadre wakang'ang'ania jibu. Mzee mmoja akakumbuka kwamba kuna wanaofinyangwa kweli, wale ambao mgongo unapindika kwa ugonjwa, na anayewafinyanga ni Rubanga. Mapadre wakaandika: Rubanga ndiye Mungu Muumba. Yule pepo wa vibyongo akapanda cheo mchana kweupe.

Okot aliwashutumu wasomi, mwanatheolojia Mkenya John Mbiti akiwemo, kwa kuivika miungu ya Kiafrika kanzu za Kigiriki. Mbiti naye alikuwa ameandika mwaka 1969 kwamba Mwafrika ni mtu wa dini kupindukia, na sentensi hiyo bado ndiyo inayotajwa kila mtu akisema ateisti Mwafrika ni kitu kisichowezekana. Lakini ikiwa Okot ana haki, walikuwepo watu wetu walioishi na majoki, yaani pepo wa Kiacholi, na mizimu pasipo Muumba mmoja mwenyezi. Ni maateisti hao? Wana pepo wengi tu, na huwezi kumkana mtu ambaye hujawahi kutajiwa. Kwangu, jibu ni hapana.

Chama cha Maateisti nchini kilisajiliwa Februari 2016, na Aprili Mwanasheria Mkuu akakisimamisha kwa kutaja amani ya umma. Chama hakikufa. Mwaka 2021 katibu wake alijiuzulu akisema amempata Yesu, na mara nikaanza kusikia: huyo hakuwahi kuwa ateisti wa kweli. Sisi Waluhya tunaujua mchezo huo. Hakuna Mluhya asiyekula kuku. Binamu yangu hali. Basi huyo si Mluhya kamili. Na makanisani nako, anayeacha wokovu huambiwa hakuwa ameokoka sawasawa. Kumwachia kila mtu ajitaje mwenyewe kuna maajabu yake pia: katika utafiti wa mwaka 2014 wa Pew, kituo cha utafiti cha Marekani, uliofanywa hukohuko, asilimia 8 ya waliojiita maateisti walisema wanaamini Mungu au roho kuu ya ulimwengu.

Darasani nimeamua hivi. Anayeshikilia kwamba hakuna Mungu ndiye namwita ateisti. Asiye na imani hiyo, kwa sababu yoyote, ni asiyeamini. Mwenye mila ana mila. Mkana Mungu nimemwachia mhubiri, pamoja na yule aliyekosewa.

Sheria yetu, cha kushangaza, haina haja ya kujua. Shahidi asiyetaka kuapa kwa Mungu anaruhusiwa kuthibitisha tu kwamba atasema kweli, ama kwa sababu hana imani ya dini, ama kwa sababu dini yake inamkataza kuapa. Mlango ni mmoja. Ulifunguliwa Uingereza mwaka 1888, baada ya Charles Bradlaugh, ateisti wa kujitangaza, kuchaguliwa mbunge 1880 na kuzungushwa hadi 1886 kabla ya kuruhusiwa kukaa kitini, yote kwa sababu ya kiapo.

Bibi yangu, muumini wa Kanisa la Marafiki kule Kaimosi, alipita mlango huo miaka ya tisini katika kesi ya mpaka wa shamba. Karani akamnyoshea Biblia. Bibi akaweka mikono nyuma. Karani akamtazama mama huyu mwenye kitambaa cheupe kichwani, akauliza kwa sauti ya kusikitika, "Kwani mama, wewe huamini Mungu?"

"Naamini," bibi akasema. "Yeye ndiye aliyesema nisiape." Kesi iliahirishwa hadi mwezi uliofuata.