Hao "wananchi" unaowaulizia ni akina nani?

Julai 8, 2022, Shinzo Abe, waziri mkuu wa zamani wa Japani, alipigwa risasi mjini Nara kama saa tano na nusu asubuhi, saa za Japani. Hospitali ilithibitisha kifo chake saa kumi na moja na dakika tatu jioni. Katikati hapo, mtu akiwa bado mikononi mwa madaktari, simu yangu ikaita. Mtayarishaji wa kipindi cha redio, kijana mwenye heshima zake.

"Shikamoo mwalimu. Wananchi wa Japani wameupokeaje msiba?"

Msiba upi, mwanangu? Mgonjwa hajafa.

Akasema ameshaona video, akanitumia. Kweli, watu wamesongamana nje ya kituo cha treni, mikono imenyooshwa, nyuso zimekunjamana. "Unaona simanzi hiyo?" Nikaitazama mara tatu. Walikuwa wanagombea gazeti. Magazeti ya Japani hutoa toleo la dharura likitokea jambo kubwa, likagawiwa bure mitaani, liwe la heri au la shari. Timu ya taifa ikishinda mechi kubwa, mikono hunyooshwa vilevile.

Mimi kazi yangu ni kupima maoni ya watu. Hojaji, sampuli, basi. Sijui bunduki, sijui njama, na tafadhali usiniulize nani yuko nyuma ya nini. Lakini kila kiongozi anapouawa katika nchi fulani, naulizwa swali lile lile na mtu ambaye ameshapata jibu kwenye video ya sekunde arobaini. Ama "taifa zima limezizima", ama "wananchi washangilia". Leo naandika mara moja ili siku nyingine niwe natuma kiungo tu.

Nianze na neno "nilishtuka", maana ndilo linaloniharibia kazi. Kwenye hojaji tunaacha swali moja wazi: ulijisikiaje ulipoipata habari? Mtu anajibu kwa neno hilo moja. Jibu linafika kwa anayepanga misimbo, yaani anayeyagawa majibu katika makapu, naye ana majibu mia tisa ya kumaliza kabla ya jioni, analitupa kapu la huzuni. Niliwahi kulirudia kapu zima kwa mkono kwa sababu hiyo, jibu moja baada ya jingine, na nilipomaliza kapu la huzuni lilikuwa limepungua kiasi cha kuniaibisha, kwa kuwa ripoti ya awali ilikuwa imeshatoka na jina langu juu yake.

Kushtuka hakuna upande. Usiku wa Februari 28, 1986, Olof Palme, waziri mkuu wa Sweden, alipigwa risasi kwenye barabara ya Sveavägen, Stockholm, akitoka sinema na mkewe, bila mlinzi. Palme alikuwa na watu waliomchukia kwelikweli, na chuki ile haikufa naye. Ila hata aliyemchukia alishtuka: waziri mkuu anauawaje njiani kama anayevuka kwenda dukani? Waridi zilirundikana pale mahali siku zilizofuata. Ziliwekwa na waliompenda, na wasiompenda lakini waliohisi nchi yao imebadilika usiku mmoja, na kwa hakika na waliokuwa wakipita tu wakaona wenzao wanaweka. Haya, nitengee waridi la huzuni na waridi la hofu.

Uchunguzi ninaouheshimu kuliko yote ni wa Marekani. Rais John Kennedy aliuawa Ijumaa, Novemba 22, 1963, akazikwa Jumatatu. Jumanne wahoji wa National Opinion Research Center, kituo cha kupima maoni cha Chicago, walikuwa wameshaanza kugonga milango. Mwishowe walipata wahojiwa 1,384. Asilimia 53 walisema walilia wakati fulani katika zile siku nne. Namba hiyo hunukuliwa sana kwa sababu machozi yanapendeza kwenye kichwa cha habari. Waliosema walikuwa na wasiwasi na mkazo wa mwili ni asilimia 68. Wenye wasiwasi walikuwa wengi kuliko waliolia, na hao hawana picha gazetini kwa kuwa mtu mwenye wasiwasi ukimpiga picha anaonekana kama anasubiri treni.

Kuna kisa cha pili cha Kennedy ambacho watu wa fani yangu wenyewe hukisimulia vibaya. Mwaka 1960 alipata asilimia 49.7 ya kura. Baada ya kifo chake, asilimia 65 hivi ya Wamarekani waliohojiwa walidai walimpigia kura. Wanafunzi hufundishwa kwamba risasi ilibadili kumbukumbu za watu. Sawa, lakini Juni 1963, yu hai na anahutubia, waliodai hivyo walikuwa wameshafika 59. Sehemu kubwa ya huko kuvimba ilitokea kabla ya risasi yoyote. Watu hupenda kuwa walimchagua aliyeshinda. Kifo kiliongeza, ila hakikuanzisha, na ukimwambia mtu hivyo anakuangalia kana kwamba umemtukana marehemu.

Kuhusu kura sitakaa sana. Yitzhak Rabin, waziri mkuu wa Israeli, aliuawa Tel Aviv Novemba 4, 1995. Vijana walikesha uwanjani na mishumaa, dunia ikasema Israeli imeamua kuwa upande wa Rabin. Mrithi wake, Shimon Peres, alikuwa mbali mbele katika kura za maoni. Mei 29, 1996 alishindwa na Benjamin Netanyahu kwa kura zisizofika 30,000, baada ya mabasi kulipuliwa Februari na Machi. Mishumaa haikuwa ya uongo. Haikuwa kura, ndiyo tu. Na huyo huyo Abe tuliyeanza naye: watu walipanga foleni ndefu kuweka maua Tokyo siku ya mazishi ya kitaifa, Septemba 27, huku wengine wakiandamana mji huo huo kuyapinga, na kura za maoni zikionyesha wanaoyapinga ni wengi kuliko wanaoyaunga mkono. Nani hapo ni "wananchi"?

Ukimya nao ni kitendawili. Anwar Sadat, rais wa Misri, aliuawa Cairo Oktoba 6, 1981, kwenye gwaride la kijeshi. Maziko yake yalihudhuriwa na marais watatu wastaafu wa Marekani, Nixon, Ford na Carter, lakini barabara hazikufurika kama alipozikwa mtangulizi wake, Nasser, mwaka 1970, mamilioni wakimiminika. Mabingwa wa mezani husema: unaona, Wamisri hawakumpenda. Pengine. Lakini hali ya hatari ilikuwa imetangazwa, mwezi mmoja nyuma watu zaidi ya 1,500 walikuwa wamekamatwa, na maziko yenyewe yalizungushiwa wanajeshi wasiotaka kuona umati. Barabara tupu ina sababu nyingi, na mojawapo ni kwamba umezuiwa kupita.

Sasa lile linalonipandisha presha: "hasira za wananchi".

Indira Gandhi, waziri mkuu wa India, aliuawa na walinzi wake wawili, Masingasinga, Oktoba 31, 1984. Siku zilizofuata Masingasinga waliuawa Delhi. Hesabu rasmi ya mji huo peke yake ni watu 2,733. Mpaka leo utasoma kwamba umma uliojaa majonzi ulilipuka. Majonzi gani yanayotembea na orodha ya wapiga kura? Mashahidi walieleza makundi yaliyojua nyumba ipi ni ya nani, yaliyoletwa kwa magari, yaliyogawiwa mafuta ya taa. Tume ya uchunguzi ya Nanavati, iliyotoa ripoti mwaka 2005, iliona ushahidi wa kuhusika kwa baadhi ya viongozi wa mtaani wa chama tawala. Mtu aliyefiwa kweli hukaa chini. Huyu aliyebeba orodha alipewa na mtu. Nawe ukiandika "wananchi walifanya", unamfutia alama za vidole aliyempa. Tena wapo waliowaficha majirani zao Masingasinga ndani siku hizo hizo. Nao walikuwa wananchi, ila walikuwa wamefunga mlango, na kamera haipigi picha mlango uliofungwa.

Neno hilo limewahi kutumika kwa ukavu zaidi. Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, aliuawa Januari 17, 1961 huko Katanga, jimbo la Kongo lililokuwa limejitenga. Februari 13 utawala wa Katanga ukatangaza kwamba alitoroka akauawa na wanakijiji. Wanakijiji! Waliomuua ni askari waliokuwa chini ya maafisa wa Kibelgiji, mawaziri wa Katanga wakitazama. Huku nje, ubalozi wa Ubelgiji mjini Cairo ukachomwa, ule wa Belgrade, Yugoslavia, ukavamiwa, na Februari 15 vurugu zikazuka hadi kwenye jukwaa la wageni la Baraza la Usalama New York. Hasira ya wengi ilikuwa ya dhati kabisa. Hata hivyo, Belgrade na Cairo serikali zenyewe zilikuwa na ugomvi wao na Ubelgiji, na askari polisi anayechelewa kufika ubalozini naye ana maoni.

Najua utaniuliza: wewe na hojaji zako unafanya vizuri zaidi? Hapo ndipo ninapokosa usingizi. Siku za msiba, anayepokea simu ya mhoji ni nani? Aliyefurahi hukata, au hudanganya, kwa sababu marehemu hasemwi vibaya kabla hajazikwa. Aliyeumia sana hana nguvu ya kujibu. Ninabaki na wa katikati, wenye adabu zao, wanaosema "inasikitisha" kwa sauti ile ile wanayoitumia kwa jirani aliyevunjika mguu. Kuna ripoti niliyoitoa siku tatu baada ya mauaji ya kiongozi mmoja, asilimia zimepangika vizuri, majedwali yanang'aa. Nikiisoma leo siwezi kuapa kama nilipima huzuni au nilipima tabia njema. Na pale penye hofu ya dola sifanyi hata hilo. Narudisha pesa.

Turudi kwa yule mtayarishaji. Nilimwambia anitafute baada ya siku kumi: kufikia hapo kutakuwa na kura ya maoni au mbili, maua yatakuwa yamenyauka, na watu watakuwa wameanza kusema wanachokifikiri. Akakubali, akashukuru sana. Jioni nikasikia kipindi: Wajapani wamegubikwa na simanzi.

Siku ya kumi hakupiga. Nikampigia mimi.

"Ah, mwalimu," akasema, "ile habari imeshapoa."