Saratani ya mlango wa kizazi: kinga ipo, ila imekanyagiwa breki

Mwanamke akiambiwa ana saratani ya mlango wa kizazi, hazipiti siku nyingi kabla hajasikia kwamba kinga yake "imeshuka". Baada ya hapo huletewa majani, vidonge na unga wa kuipandisha. Napingana na maneno hayo kwa moyo wote. Yanamtwisha mgonjwa lawama, na hayaelezi kinachotokea ndani ya mwili wake.

Dhana: Ameugua kwa sababu kinga yake ni dhaifu.

Karibu kila aliyewahi kufanya ngono hukutana wakati fulani na HPV, kirusi cha ngono kinachosababisha saratani hii, na takriban maambukizi 9 kati ya 10 huondoshwa na mwili wenyewe ndani ya miaka 2. Ni kweli kwamba wanawake wanaoishi na VVU wako kwenye hatari mara 6 zaidi ya wengine. Hata hivyo, wengi wa wanaougua saratani hii duniani hawana VVU. Kinga yao ilikuwapo na ilikuwa inafanya kazi, ila ilikabiliana na kirusi hodari wa kujificha, hasa aina ya 16 na ya 18, ambazo husababisha takriban asilimia 70 ya saratani hii.

HPV hukaa kwenye utando wa mlango wa kizazi. Haisambai kupitia damu wala haipasui seli iliyoingia, kwa hiyo hakuna homa wala maumivu ya kuushtua mwili. Protini zake za E6 na E7 hufifisha interferoni, yaani ishara ambazo seli iliyovamiwa hutoa kuomba msaada. Nyingine, E5, hupunguza molekuli zinazoonyesha vipande vya kirusi juu ya seli. Seli T, yaani askari wa kinga wanaoua seli zilizovamiwa, zikipita hapo, hazioni cha kushambulia.

Zikiona, bado kuna breki. Juu ya seli T kuna kipokezi kiitwacho PD-1. Kikishikana na protini ya PD-L1 iliyo juu ya seli nyingine, seli T hupunguza mashambulizi. Tafiti za maabara zimeonyesha kwamba E7 inaweza kuifanya seli iongeze PD-L1. Halafu kuna jambo ambalo mimi huliona zito kuliko yote: seli T zinaposhambulia hutoa interferoni gama, na seli za saratani huijibu kwa kuongeza PD-L1. Shambulio lenyewe ndilo linalokaza breki. Hali hiyo ikidumu, seli T huchoka. Ukiukagua uvimbe kwa darubini unaweza kuzikuta zimejaa humo, lakini haziui tena.

Dhana: PD-L1 ni sumu ya kirusi.

Hapana, ni protini ya mwili wetu. Huzuia kinga isivishambulie viungo vyetu, na hata kondo la nyuma huwa nayo kwa wingi wakati wa ujauzito. Saratani inatumia tu kitu kilichokuwapo.

Dhana: Vidonge vya kuongeza kinga vitasaidia.

Havigusi PD-1 wala PD-L1. Kinachohitajika ni dawa inayozuia hizo mbili zisishikane. James Allison na Tasuku Honjo walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2018 kwa kugundua kwamba breki za kinga zinaweza kuachiwa ili kutibu saratani. Mwaka huohuo pembrolizumab, dawa ya aina hiyo, iliidhinishwa Marekani kwa saratani ya mlango wa kizazi yenye PD-L1 iliyoendelea kukua licha ya kemo, yaani dawa za kuua seli za saratani.

Dhana: Basi dawa hiyo huponya kila mtu.

Natamani ingekuwa hivyo. Katika utafiti uliofungua njia hiyo, uvimbe ulisinyaa kwa takriban asilimia 14 tu ya wagonjwa wenye PD-L1, ingawa wengi wa hao nafuu yao ilidumu zaidi ya miezi 6. Matokeo yalikuwa bora dawa ilipochanganywa na kemo tangu mwanzo, na mchanganyiko huo uliidhinishwa Marekani mwaka 2021. Mwaka 2024 ilifuata ruhusa ya kuitumia pamoja na kemo na mionzi kwa saratani iliyosambaa karibu na mlango wa kizazi lakini haijafika viungo vya mbali.

Na asikudanganye mtu kwamba haina madhara kwa kuwa si kemo. Breki huachiwa mwili mzima, na kinga inaweza kuigeukia tezi ya shingo, utumbo, ini au mapafu. Mgonjwa akianza kuharisha mfululizo, kukohoa kikavu, kuishiwa pumzi au kuchoka kupita kiasi, awaambie wanaomtibu siku hiyohiyo, hata kama wiki zimepita tangu dripu ya mwisho. Madhara hayo yakiwahiwa, mengi hutulizwa kwa dawa za steroidi.

Dhana: Chanjo ya HPV inaweza kuitibu saratani.

Chanjo huufundisha mwili kuitambua L1, protini ya ganda la kirusi. Seli iliyokwisha kuwa saratani kwa kawaida haitengenezi L1 tena. Imebaki na E6 na E7, na kingamwili za chanjo hazina cha kushika. Kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani huwalenga kwanza wasichana wa miaka 9 hadi 14, kabla hawajakutana na kirusi. Kwa wanaougua tayari, watafiti wanatengeneza chanjo za aina nyingine zinazozielekeza seli T kwa E6 na E7, na baadhi wanazijaribu pamoja na dawa za kuachia breki.