Asilimia ya Alkoholi katika Kitakasa Mikono Hupimwaje Maabara?

Ethanoli ikimiminwa katika glasi moja na methanoli katika nyingine, macho hayawezi kuzitofautisha, na kwa kuwa densiti zake zinakaribiana mno, hata kipimo cha kuelea, ambacho watengenezaji wadogo hukitegemea, hakitabaini ipi ni ipi. Hatari iko hapo, maana ethanoli huua vimelea mikononi, ilhali methanoli ikiingia mwilini hupofusha na hata kuua. Mwaka 2020, vitakasa mikono vilipogombaniwa kwa ajili ya UVIKO-19, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitahadharisha umma juu ya bidhaa zilizokutwa na methanoli ingawa lebo zilitaja ethanoli.

Spektroskopia ya infraredi, yaani kupima jinsi kemikali inavyofyonza mwanga usioonekana kwa macho, huzitenganisha alkoholi mbili hizo kwa dakika chache. Tone la sampuli huwekwa juu ya kipande kidogo cha almasi, nao mwanga wa infraredi hupitishwa humo. Ethanoli hufyonza kwa nguvu karibu na namba-wimbi (idadi ya mawimbi ya mwanga katika sentimita moja) 1045 kwa sentimita, methanoli karibu na 1020, na kadiri kemikali inavyozidi ndivyo ufyonzaji unavyoongezeka. Mashine yenyewe, hata hivyo, haijui asilimia. Mkemia huandaa kwanza michanganyiko ya ethanoli na maji ambayo viwango vyake anavijua, tuseme kutoka asilimia 40 hadi 90, kisha huchora mstari wa ulinganisho ambao sampuli itasomwa juu yake.

Kinachotusumbua zaidi ni gliserini, ile inayozuia ngozi kukauka. Nayo hufyonza jirani na 1045, hivyo anayesoma hapo peke yake huweza kuipa bidhaa hafifu alama isiyostahili. Dawa yake ni kutia gliserini katika michanganyiko ya ulinganisho pia, au kusoma karibu na 880, ambako ethanoli pia hufyonza lakini gliserini haiingilii sana. Tone nalo lifunikwe upesi, kwani ethanoli huruka hewani wakati mpimaji angali anajiandaa.

Lebo isomwe kwa makini vilevile: asilimia 70 kwa ujazo ni takriban 62 tu kwa uzito, ingawa kimiminika ni kilekile. Mchanganyiko wa ethanoli uliopendekezwa na Shirika la Afya Duniani una asilimia 80 kwa ujazo.

Methanoli ikiwa kidogo sana, infraredi huweza isiione, kwa hiyo sampuli yenye shaka hupelekwa kwenye kromatografia ya gesi, kipimo kinachogeuza sampuli kuwa mvuke na kutenganisha kemikali zake moja moja, kabla ya cheti kutiwa saini.